Kuwekeza katika umeme wa upepo Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza sana ni watatu: mwenye akiba anayetafuta pa kuiweka, mwenye shamba aliyeona wageni wakisimamisha mlingoti wa kupimia upepo kwa jirani, na Mkenya wa ughaibuni aliyesikia kwamba Marsabit upepo haulali. Wote wamejibiwa hapa. Ukikuta jibu limerefuka, jua hapo ndipo pesa za watu zilipopotelea.

Kenya inafua umeme kiasi gani kwa upepo?

Vituo vikubwa vinavyouza kwenye gridi ya taifa ni vitatu. Cha Ngong ni cha KenGen, kampuni ya kufua umeme ambayo serikali ina hisa nyingi, na kina megawati 25.5. Cha Kipeto, Kajiado, kina megawati 100. Cha Ziwa Turkana kina megawati 310, na ndicho kinachopigwa picha kila siku. Jumla ni megawati 435.5, na katika miaka ya karibuni vimekuwa vikitoa kati ya asilimia 13 na 16 ya umeme unaotumika nchini.

Usidanganywe na jina: kituo cha Ziwa Turkana kiko Sarima, upande wa Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit. Ukienda kutafuta kazi huko usipande gari la Lodwar, utajikuta ng'ambo ya pili ya ziwa.

Safari yenyewe ilianzia Ngong mwaka 1993, kwa mitambo miwili iliyotolewa msaada na serikali ya Ubelgiji. Kipeto ilianza kuuza umeme 2021. Baada ya hapo foleni ya vituo vipya ikasimama, na sababu zake ndizo moyo wa ukurasa huu.

Upepo wa Marsabit una nini ambacho kwingine hakipo?

Una njia yake. Milima ya Ethiopia iko upande mmoja, nyanda za juu za Kenya upande wa pili, na katikati pameachwa uwazi. Upepo wa kusini mashariki unaotoka Bahari ya Hindi ukifika hapo unabanwa kama maji yaliyoelekezwa kwenye mfereji mwembamba, na unatokea upande wa pili ukiwa na mbio. Kasi ya wastani ya Sarima ni karibu mita 11 kwa sekunde, ilhali sehemu nyingi duniani watu hujenga vituo wakiwa na mita 7 au 8 na wanashukuru.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nishati iliyomo huongezeka mara nane. Na kinyume chake ndicho kinachofilisi: ukikuta kasi iko asilimia 10 chini ya ulivyokadiria, zaidi ya robo ya nishati uliyoihesabu haipo. Kwa hiyo mtu akikuletea mradi ambao upepo wake umekadiriwa kwa ramani ya kompyuta tu, bila mlingoti uliosimama pale pale mwaka mzima au zaidi, mpe chai na umsindikize.

Kama upepo ni mzuri hivyo, mbona vituo ni vitatu tu?

Kwa sababu upepo ndio sehemu rahisi. Kinachokwamisha ni waya, sahihi na ardhi. Ardhi ina maswali yake huko chini, kwa hiyo nianze na waya.

Mwaka 2017 mitambo yote 365 ya Sarima ilikuwa imeshasimama. Kuifikisha kule kulikuwa kazi ya kishujaa: malori yalitoka bandarini Mombasa safari ya karibu kilomita 1,200, na kilomita 208 za barabara kutoka Laisamis zilibidi zikarabatiwe kwanza. Lakini laini ya umeme ya kilomita 428 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, ambayo ilikuwa jukumu la serikali kupitia KETRACO, shirika lake la kujenga laini kubwa za umeme, haikuwa tayari. Mkandarasi wa Kihispania, Isolux, alifilisika kazi ikiwa katikati. Mitambo ikakaa hadi Septemba 2018 ndipo ikaunganishwa, na Rais Uhuru Kenyatta akaizindua rasmi Julai 2019.

Mkataba ulisema kituo kikiwa tayari na waya haupo, serikali italipa. Ikalipa. Awamu ya kwanza pekee ya fidia ilikuwa shilingi bilioni 5.7. Mwekezaji aliyeandika mkataba ule alilala usingizi. Mlipa stima wa Githurai akachangia umeme ambao haukuwahi kufika kwake. Benki ya Dunia ilikuwa imejitoa kwenye mpango wa kuudhamini mradi tangu 2012, ikihofia kwamba Kenya Power, kampuni inayowauzia wananchi umeme, itabebeshwa umeme isiouhitaji. Ukimsikia mbunge anafoka kuhusu kampuni binafsi za umeme, hasira yake inatoka hapo.

Hata wakubwa waliungua. Google ilikubaliana mwaka 2015 kununua asilimia 12.5 ya mradi kutoka kwa Vestas, kampuni iliyotengeneza mitambo, kwa sharti kwamba mradi ukamilike kwanza. Ucheleweshaji ukaila ahadi hiyo, na 2020 mpango ukafutwa.

Na hiyo "sahihi" ni ipi?

Ni mkataba wa ununuzi wa umeme, ambao Wakenya wengi huuita PPA. Bila huo, mitambo yako ni mapambo ya kilimani. Sheria ya Nishati ya 2019 imefungua mlango kwa wauzaji wengine wa umeme, lakini kwa kituo kikubwa cha upepo mnunuzi wa kweli bado ni mmoja, Kenya Power. Benki haikopeshi juu ya upepo, hukopesha juu ya karatasi ambayo Kenya Power imetia sahihi kwamba itanunua kwa bei fulani kwa miaka 20.

Karatasi hiyo imekuwa adimu. Machi 2021 kiliundwa kikosi kazi cha rais, chini ya John Ngumi, kuichunguza mikataba yote, na mikataba mipya ikasimamishwa. Mwaka 2023 Baraza la Mawaziri lililegeza zuio, Bunge likalirudisha mwaka huohuo, na mwishoni mwa 2025 Bunge likaliondoa. Mwekezaji aliyekuwa amepima upepo wake na kulipia wataalamu alikaa miaka yote hiyo akilipa mishahara ya watu wa kungoja.

Utaratibu nao umebadilika. Zamani kulikuwa na bei maalum iliyotangazwa na serikali, senti 11 za dola kwa uniti ya umeme wa upepo kwa vituo visivyo vikubwa sana. Sera ya 2021 iliuondoa upepo kwenye bei hiyo ikaupeleka kwenye mnada: wanaotaka kujenga washindane, anayetaja bei ya chini apewe. Binafsi naona ni haki kwa mlipa stima. Lakini mnada humpendelea mwenye mfuko mrefu, na kampuni ndogo ya kizalendo iliyokuwa imejishikilia kwa bei maalum imebaki na uamuzi wa kuuza mradi wake au kutafuta mbia.

Nina shilingi elfu hamsini. Naweza kununua hisa za kituo cha Ziwa Turkana?

Huwezi. Kampuni ile haiko kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Wenye hisa ni mashirika na mifuko mikubwa. Mwaka 2023 mfuko unaosimamiwa na BlackRock, kampuni kubwa ya uwekezaji ya Marekani, ulinunua hisa za Vestas na za mashirika mawili ya maendeleo ya Finland na Denmark. Kipeto nayo imeuzwa kutoka mkono hadi mkono kwa njia hiyohiyo, mwananchi wa kawaida akitazama.

Kilicho sokoni ni KenGen. Fungua akaunti ya hisa kwa dalali aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ununue. Ila ujue unanunua nini: kati ya zaidi ya megawati 1,700 za KenGen, za upepo ni zile 25.5 za Ngong. Unanunua mvuke wa ardhini wa Olkaria na maji ya mto Tana, upepo ni chumvi tu. Serikali ndiyo yenye asilimia 70, kwa hiyo maamuzi hayasubiri kura yako.

Wazee watakukumbusha 2006, hisa za KenGen zilipouzwa kwa mara ya kwanza kwa shilingi 11.90 na watu wakapanga foleni mpaka barabarani. Aliyeuza mapema alijenga. Aliyezificha chini ya godoro kwa ajili ya wajukuu alizikuta mwaka 2023 ziko chini ya shilingi 3, ingawa gawio lilikuwa likija miaka mingine. Zimepanda tangu hapo. Bei ya hisa haifuati kasi ya upepo.

Kuna programu ya simu inayouza "mitambo ya upepo" kidogo kidogo, unalipwa kila siku. Ni ya kweli?

La. Kituo cha upepo hulipwa na Kenya Power kwa mwezi, tena mara nyingine kwa kuchelewa. Hakuna anayeweza kukulipa kila siku kutokana na umeme, isipokuwa anakulipa kwa pesa za aliyejiunga baada yako. Jina la kampuni kubwa ya mitambo likitumika kwenye tangazo si ushahidi. Yeyote anaweza kunakili nembo.

Jirani yangu mmoja alinionyesha picha ya mtambo "wake", wenye namba. Nilipoikuza picha nikaona theluji.

Chama chetu kina milioni kumi. Tunaweza kujenga kituo kidogo?

Tupige hesabu. Mradi wa Ziwa Turkana ulikadiriwa kugharimu takriban euro milioni 620 kwa megawati 310, yaani karibu euro milioni mbili kwa kila megawati, barabara ikiwemo. Mitambo mipya ni ya bei nafuu zaidi kwa megawati, lakini hata ukipata nusu bei, milioni kumi za Kenya haziwezi kumaliza hata malipo ya wataalamu na vibali. Na kituo kidogo hakilipi gharama ndogo: winchi ya kunyanyulia mtambo mmoja ni ileile ya kunyanyulia thelathini.

Chama chenye milioni kumi kina nafasi pembeni ya mradi. Kipindi cha ujenzi hutaka malori, kokoto, maji, chakula cha mamia ya wafanyakazi, nyumba za kupanga, magari ya abiria, walinzi. Pesa hizo huja haraka na huisha haraka. Ujenzi ukikamilika kambi inavunjwa na kituo kinabaki na watu wachache. Usikope kwa miaka kumi kujenga hoteli ya wajenzi watakaokaa miaka miwili.

Wageni wamekuja shambani kwetu wanataka kukodi mahali pa mitambo. Tusaini?

Msisaini siku hiyo. Chukueni karatasi, mpelekeeni wakili ambaye hakuletwa na hao wageni, mmlipe wenyewe.

Karatasi ya kwanza kwa kawaida si ya kukodisha. Ni ya kuwafungia nafasi: inawapa haki ya kukodisha baadaye wakipata mkataba wa kuuza umeme, na kukuzuia wewe usimpe mwingine. Mmeshaona juu jinsi mkataba huo unavyoweza kuchelewa. Kwa hiyo swali la kwanza ni karatasi hii inakufa lini, na kila mwaka wa kungoja unalipwa kiasi gani. Nimeona watu wamefungiwa shamba kwa bei ya mbuzi mmoja kwa mwaka.

Pili, kodi. Kiasi kisichobadilika kinavutia mwanzoni, halafu mfumko wa bei unakitafuna mpaka kinabaki nauli. Kipeto walikubaliana na wenye mashamba wa Kimaasai wapate sehemu ya mapato ya umeme, na nadhani huo ndio mfano wa kuuliza kwa jina. Mkipewa kiasi maalum, basi kiongezeke kila mwaka kwa kanuni iliyoandikwa.

Tatu, mwisho wake. Mtambo huishi miaka 20 hadi 25. Nani atauondoa, na pesa za kuuondoa zimewekwa wapi? Msingi wa mtambo mmoja ni mamia ya tani za zege, hauuchimbui kwa jembe.

Nne, kampuni itauzwa. Hilo si baya, lakini ahadi za mdomo za yule kijana mcheshi aliyewaletea sukari hazihami nayo. Kilichoandikwa ndicho kinachohama.

Halafu kuna mambo ya nyumbani. Kama hatimiliki bado ina jina la marehemu baba, malizeni kwanza urithi mahakamani, la sivyo kaka aliyeko Mombasa atakuja na amri ya kusimamisha kazi. Mke au mume naye hana budi kuridhia kwa maandishi kama ardhi ni ya familia. Shamba la kilimo litahitaji pia idhini ya bodi ya ardhi.

Kuhusu matumizi, habari ni njema. Ng'ombe hulisha chini ya mitambo bila wasiwasi, viazi vinaota. Kinachozuiwa ni kujenga nyumba karibu mno, na kwa kijana anayengoja kugawiwa kipande chake hilo si jambo dogo, lizungumzeni naye akiwepo.

Kinangop kulitokea nini?

Kinangop, Nyandarua, kulitakiwa kujengwa kituo cha megawati 60.8, mitambo 38, na pesa zilikuwa zimepatikana. Ni eneo la wakulima wadogo, viazi na maziwa, watu wameketi karibu karibu. Maneno yakaenea kuhusu fidia, kuhusu kuhamishwa, kuhusu mitambo kudhuru afya na mifugo, na waliokuwa wanalipwa wakawa wachache mbele ya waliokuwa watatazama tu. Maandamano yakazuka, mtu akapoteza maisha mwaka 2015, na Februari 2016 wawekezaji wakatangaza kwamba pesa zimeisha kabla ya mtambo kusimama. Walikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa kuidai serikali fidia, wakashindwa.

Watu husema wenyeji walidanganywa na wanasiasa. Huenda wapo waliodanganywa. Lakini mwenye ekari mbili ambaye mtambo wa jirani utasimama juu ya paa lake hahitaji mwanasiasa kumwambia aulize lake liko wapi.

Na ardhi ya jamii, kule wafugaji waliko?

Hapo sheria ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka makubaliano ya uwekezaji yapitishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii katika mkutano ulioitwa kwa jambo hilo. Sahihi za wazee watano chini ya mti hazitoshi, hata wakiwa na mihuri.

Kesi ya kujifunzia ni ya Sarima. Ardhi ya ekari 150,000 ilitolewa kabla ya sheria hiyo, na jamii zikaenda mahakamani. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Meru, iliamua kwamba hatimiliki zilipatikana bila kufuata utaratibu, ikatoa mwaka mmoja mambo yarekebishwe. Mei 2023 ikakataa kuongeza muda, na mvutano ukahamia kwenye rufaa. Tafakari: kituo kikubwa kuliko vyote nchini, kinazunguka usiku na mchana, na hati ya kiwanja chake imetiliwa shaka na mahakama. Mwekezaji anayekwenda Kaskazini leo aanze na baraza la jamii, mlingoti wa upepo uje baadaye.

Vibali ni vya nani?

Leseni ya kufua umeme ni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na mafuta. Tathmini ya athari kwa mazingira ni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Mnara mrefu unahitaji ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa ndege, na serikali ya kaunti ina ya kwake. Kipeto walikuwa na jambo la ziada, tai wala mizoga, ambao baadhi ya aina zao ziko hatarini kutoweka. Ilibidi waweke watu wa kuwachunga na kusimamisha mtambo ndege wakikaribia. Gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu mapema.

Nalipwa kwa shilingi au kwa fedha za kigeni?

Mikataba mikubwa imekuwa ya fedha za kigeni. Wa Ziwa Turkana ni wa euro, na bei iliyokubaliwa ilikuwa senti 7.52 za euro kwa uniti. Shilingi ikianguka, tofauti inaingia kwenye bili ya mtumiaji, na ndiyo maana shinikizo la mikataba ya shilingi linaongezeka. Mwenye mkopo wa dola akilipwa kwa shilingi atakuwa amebeba mzigo ambao zamani ulibebwa na mlipa stima. Piga hesabu zako kwa njia zote mbili.

Kuna ushindani gani?

Wa kwanza ni usiku. Upepo wa Marsabit huvuma sana watu wakiwa wamelala, wakati ambapo mahitaji ya nchi yamepungua karibu nusu na Olkaria bado inatoa mvuke. Basi kituo kimoja huambiwa kipunguze. Wa pili ni Ethiopia: tangu Novemba 2022 Kenya inanunua kwao umeme wa maji, megawati 200 kwa kuanzia, kwa senti 6.5 za dola kwa uniti. Ukija na mradi wa upepo wenye bei ya juu ya hiyo, uwe na sababu.

Nafasi iliyobaki wazi, kwa maoni yangu, ni betri: kituo kinachoweka umeme wa saa tisa usiku na kuuza saa moja jioni. Betri zingesaidia pia gridi isiyumbe. Agosti 25, 2023 nchi ilipozama gizani, Kenya Power ilinyooshea kidole kituo cha Turkana, nacho kikajibu kwamba hitilafu ilianzia kwenye gridi. Megawati mia tatu zikiondoka kwa mpigo, nani alianza si swali la kwanza.

Mtambo mdogo wa nyumbani unalipa?

Mara chache. Paa la mjini limezungukwa na majengo na miti, na upepo wake ni wa kuyumba. Kwa pesa hizohizo weka paneli za jua. Kama uko Marsabit mjini au kwenye kilima kilichoachwa wazi, na huna gridi, pima kwanza.

Nasoma uhandisi wa umeme. Nitapataje kazi huko?

Mitambo ya Sarima ni ya Vestas ya Denmark na ya Kipeto ni ya GE ya Marekani, na kwa kazi za juu ya mnara wataalamu wa makampuni ya mitambo huulizia cheti cha usalama cha GWO, shirika la kimataifa la makampuni ya upepo. Kina masomo ya huduma ya kwanza, kubeba mizigo, moto, na kufanya kazi juu. Lipo pia somo la kuokoka baharini kwa wanaokwenda kwenye mitambo ya majini Ulaya. Sarima halihitajiki, ingawa ziwa liko karibu na lina mamba.